Ndani, Kipande cha Saruji

Ile ya kwanza ilikufa Januari,
mvua ikitwanga mabati ya São Mateus,
nikiwa katikati ya kuchapa majina ya watoto
kwa ajili ya keki zao: Kauã, miaka mitatu; Yasmin, mia—
Paf. Harufu ya plastiki na samaki.
Yasmin alikula keki yake bila umri.

Leo nimeshuka Santa Ifigênia na mwanangu Wendel,
reali mia tatu na arobaini ndani ya soksi,
na orodha aliyoiandika yeye:
kioo ubavuni, feni nne, taa za rangi saba.
Pawasaplai hakuiandika.
Nani hutaja ini anapomsifu bibi harusi?

Toninho wa duka la kona alitunasa kwa macho.
"Mama, hili ni kasha la wafalme,"
akaliwasha, ikawa Jumamosi ya kanivali,
uso wa Wendel ukageuka zambarau, kijani, zambarau tena.
"Na pawasaplai imo humo humo, bure. Wati mia tano."
Bure.
Neno hilo nalijua, nimeuza keki miaka kumi na tisa:
cha bure nilikuwa nakitia maji.

Nikaomba niishike.
Mimi hupima unga kwa kiganja, sikosei gramu ishirini.
Ilikuwa nyepesi kama keki iliyoumuka hewa tupu.
"Nyingine," nikasema. Akaleta nyingine, nzito,
lebo ya dhahabu, wati mia saba, tai amekunjua mabawa.
Hii ina kitu, nikasema moyoni. Hii ina kitu.

Kwa kujiamini kwake akaniruhusu niipandishe
ghorofa ya pili kwa fundi;
Wendel akabaki rehani chini ya zile taa.

Shizue Arakaki alikuwa anakula wali na maharage
juu ya mbao mama ya mtu.
Hakusalimu. Skrubu nne, akafunua.
Nyaya nyembamba kama uzi wa kufungia soseji.
Kapasita mbili za kuonea huruma.
Na, kimebandikwa kwa gundi upande wa kushoto,
kipande cha saruji.

Saruji! Kimekatwa mraba, kingo zimepigwa msasa.
Yaani mtu alikaa mahali, akapima, akaridhika.
Uzuri wa mkakasi, walisema wahenga,
ndani kipande cha mti.
Hawakufika Santa Ifigênia.

Shizue alimeza tonge, akainama chini ya meza,
akaburuta kasha la kijivu la ofisi ya bima iliyofilisika,
stika ya hesabu bado ubavuni, namba 0417,
tundu la disketi wazi kama pengo la jino.
"Themanini."
Kisha pawasaplai nyeusi, bila tai, bila dhahabu.
"Wati mia nne. Ila hizi ni mia nne za kweli.
Mia mbili na arobaini, waranti miaka mitatu."
Akaandika risiti kwa penseli ya seremala.
"Feni ikilia, njoo.
Ukisikia harufu, usije. Chomoa kwanza."

Zilibaki ishirini: nauli, na sambusa mbili za jibini
ambazo Wendel alikataa kugusa.
Hakusema neno mpaka kituo cha Luz.
Ndani ya treni alilipakata lile kasha,
kiganja kimeifunika namba 0417.

Usiku wa nne mvua ikarudi.
Taa ya jikoni ikafifia, ikapanda, ikafifia.
Nilikuwa katikati ya jina refu, kidole hewani.
Nikanusa.
Vanila tu.
Feni haikubadili sauti.
Maria Heloísa, nikamalizia, miaka sita.

Asubuhi nimekuta Wendel amepachika
taa nyekundu ya baiskeli kwenye tundu la disketi.
Nyuma yake, risiti ya Shizue imekunjwa mara nne,
inawaka, inazima, inawaka.