Mtoto wa Kageha

Kibandiko mguuni: Mtoto wa Kageha. Jina bado.
Gramu elfu moja mia mbili na arobaini,
hafikii pakiti ya unga niliyoiacha Mbale.

Saa tisa usiku, Kisumu. Joto la ziwa limekaa wodini
kama mgeni asiyeaga. Nakamua.
Matone matano, sita.
Mrija mwembamba unayashusha.

Sista Apondi ananong'ona huku akihesabu:
tumbo hilo, mithili ya gololi,
lina homoni yake ya njaa.
Hupanda na damu hadi kichwani,
kule nyuzi za neva zinakotafutana gizani,
ikaziambia: wewe ngoja, wewe usirefuke kwanza.

"Na kwa binadamu?"
"Wameona kwa panya wachanga. Huyu tunamtazama."

Nilidhani njaa ni kilio tu,
kumbe ina kamba ya kupimia
na inaingia nyumba ikingali msingi.

Mimi nilizaliwa mwaka mahindi yalipokauka yakiwa na mbelewele.
Mama alikunywa chai ya rangi, nami nikamnyonya.
Ni uzi upi wangu ulioambiwa ngoja,
ukangoja?

Mwanangu ananyonya hewa, usingizini.
Chini ya mto wangu kuna kipande cha mkate.
Hata hapa, nimekificha.