Safu ya Mwisho

Kalamu ya wino hairuhusiwi mezani.
Penseli tu, tena isichongwe mno,
ncha kali huacha kovu hata ukifuta.
Hivyo alivyonifundisha Bi. Holo Lushinge
wiki ya kwanza, chumba cha nyuma cha masjala,
dirisha likitazama mawe ya Mwanza yalivyobebana
kama watu waliochoka kungoja kuitwa.

Kwanza pini.
Kutu huanza na kona ya karatasi,
humalizia na sahihi ya mtu.
Nazing'oa kwa kisu butu cha siagi,
nazidondosha ndani ya kopo la maziwa;
ikifika saa nne kopo linalia kama njuga.
Kisha mipira iliyoyeyuka ikawa ulimbo.
Kisha wale wadudu wa ziwani
waliotua juu ya bajeti ya mwaka sabini na moja
mtu akafunga jalada kabla hawajaruka.
Nawapeperusha kwa brashi.
Kila mmoja ameacha doa lenye mabawa.

Mengi hayamo katika safari hii:
vocha za mafuta ya taa, stakabadhi za sabuni,
nakala ya nakala ya nakala.
Bi. Holo hana huruma nayo.
"Tukitunza yote hatujatunza kitu."

Jalada la *Malalamiko Mengineyo*, juzuu la pili.
Folio ya sita, karatasi ya daftari la shule:
Nkwimba Masalu wa Kayenze
anauliza nani kahamisha jiwe la mpaka
kutoka upande huu wa minyaa hadi upande ule,
na je, selikali imelala au iko macho?

Dokezo: *Bwana Ardhi, tafadhali shughulikia.*
Dokezo: *Mkuu, naomba maelekezo.*
Dokezo: *Tuzungumze.*
Dokezo: *Tumezungumza.*

Walichozungumza hakimo.
Folio ya saba, Nkwimba. Ya nane, Nkwimba.
Hadi ya kumi na nne, kila mwaka barua moja,
mwandiko ukiinama kama mtu anayepanda mlima.
Folio ya kumi na tano haipo.
Ya kumi na sita ni mwaliko wa gwaride.

Naruhusiwa kuandika hilo tu: *15 haipo.*
Siruhusiwi kumjibu.
Siruhusiwi kuinyoosha "selikali" yake,
wala kuipandisha barua ikae juu, ionekane.
"Aibu nayo ni kumbukumbu," Bi. Holo kasema
bila kuinua kichwa. "Ukiipanga upya, umeiiba."

Lakini orodha ya makabidhiano ina safu tano:
boksi, namba, jina la jalada, miaka,
na ile pana ya mwisho, Maelezo,
ambayo wengi huiacha wazi
au huandika *hali nzuri* wakanywe chai.
Hapo nikaandika kwa herufi ndogo:
*Zimo barua tisa za Nkwimba Masalu, Kayenze,
kuhusu mpaka wa shamba. Hakujibiwa.*

Bi. Holo akasoma. Akavua miwani,
akaifuta kwa ncha ya mtandio, akairudisha.
Akachukua kifutio, akaondoa neno moja,
akaandika mahali pake: *Jibu halimo jaladani.*
"Tunasema tunachokijua," akasema.
Jina hakuligusa.

Ijumaa lori lilikuja likinuka dagaa.
Akalirudisha. Likaoshwa mara mbili, likakauka,
ndipo boksi themanini na mbili zikapanda
chini ya turubai mbili, maana ziwani kulishakuwa cheusi.
Sahihi nakala tatu.
Dereva akauliza kama kuna cha kuvunjika.
Tukatazamana.

Rafu zimebaki na mistatili safi
palipokuwa majalada, vumbi limezunguka pembeni.
Kopo la pini bado liko mezani kwangu.
Nimeipitia orodha yote, safu kwa safu.
Sijaona pa kuliandika.