Fundo la Zulema

Chupa ya kwanza ilinukia waridi la uongo.
Ya pili ilinuka gereji.
Ya tatu, ghali kuliko kiatu cha shule,
haikunuka kitu na haikuua kitu.
Don Evaristo wa duka la dawa akainua miwani:
"Bibie, chawa wa siku hizi
dawa hii wanaiogea."

Julai, Bahía Blanca. Upepo wa kusini
unagonga madirisha kama mdai kodi.
Kila usiku vyombo vikishaoshwa
namketisha Ludmila kwenye stuli, chini ya taa ya cherehani,
nampaka mafuta meupe, mazito,
nashika kitana cha chuma,
fungu kwa fungu, toka ngozini hadi nchani,
kisha nakifuta kwenye karatasi ya chooni na kuhesabu.
Jumatatu, kumi na saba.
Alhamisi, watatu; tukakumbatiana.
Jumapili, ishirini na mmoja.

Hawa si chawa wa kusifu wakubwa.
Hawa hawamsifu mtu.
Wanakula, wanataga, wanalala.

Nimefua mashuka kwa maji ya moto hadi maua yake yakahama.
Wanasesere nimewafunga mfukoni, wakalala roshanini wiki mbili,
wakinitazama kupitia nailoni.
Siki. Mayonezi, usiniulize.
Mwalimu ameandika barua "kwa wazazi wote",
nami nikagundua imo katika daftari moja tu.
Osvaldo, mume wangu, ambaye kichwa chake ni yai,
akafyonza mate yake mlangoni, akasema, "Mnyoe."
Ludmila akazishika nywele kwa mikono miwili.
Nililomjibu Osvaldo, shairi haliwezi kulibeba.

Na mama mkwe, Zulema, pale pale mezani,
pini kumi na nne katika fundo la mvi
ambalo sijaliona likifunguliwa tangu tumzike mzee:
"Enzi zetu ni mafuta ya taa na kitambaa. Siku moja tu, kwisha.
Nyumba yangu haijawahi kuingia chawa."
Kisha anamwita mjukuu wake walale mchana,
mto mmoja, shavu kwa shavu.

Niliona. Kwa wiki sita niliona,
na ulimi ukawa mzito kama pasi.
Nani amwambie mama mkwe,
hebu inamisha kichwa?

Ijumaa, mdomo umejaa mkate, Ludmila akauliza:
"Bibi, mbona unajikuna kwa sindano ya kufumia?"

Sindano ikasimama katikati ya sufu.
Zulema akaitazama kana kwamba yenyewe ndiyo iliyosema.
Kisha akachomoa pini, akaiweka mezani.
Ya pili. Ya tatu.
Sikujua pini inaweza kupiga kelele namna ile.
Ya kumi na nne ilipotoka
nywele zikashuka hadi kiunoni,
nyeupe, nyeupe, nyeupe,
na kule mwisho kabisa, upana wa vidole vinne, nyeusi.
"Hizo alizichana yeye," akasema,
na asiseme tena.

Sikumwambia, "Umeona sasa?" Nilisogeza taa.
Kitana kilipita mara moja, nikaacha kuhesabu:
karatasi ilifanana na gazeti lililomwagikiwa wino.
Akauliza, "Wengi?"
Nikasema, "Kiasi."

Kidole kimoja hakivunji chawa, wamesema waliosema,
na usiku ule jikoni kulikuwa na vidole thelathini:
mimi nyuma ya Zulema,
Zulema nyuma ya Ludmila,
akimchana polepole, akinung'unika kuhusu mafuta ya taa.
Ncha nyeusi sikuzikata. Hakuniomba, sikumuuliza.
Karibu na saa sita Ludmila akachoka kuchanwa,
akachukua kitana cha akiba, akapanda stuli mgongoni kwangu.
"Kaa wima, mama."
Nikakaa wima.
Pua yake ikanigusa utosini, pumzi ya mkate,
kisha kimya kirefu cha mtu anayesoma.

"Mama," akasema, kwa furaha ya kutisha,
"na wewe!"

Osvaldo akaenda kubandika birika.