Mizani Kumi na Sita

Sanduku lako la bati tumelifungua jana.
Kanga tatu bado na karatasi zake za dukani,
cheti cha ualimu kilicholiwa na mende pembeni,
na madaftari ya mahudhurio, kumi na tisa,
yamefungwa kwa kamba ya katani.
Hukuyarudisha. Serikali ikushitaki huko uliko.

Wewe ndiye uliyenirudishia barua yangu.
Nilikuwa chuoni Morogoro, sina cha kula,
nikaandika kurasa mbili za kulia.
Ikaja bahasha: barua ileile, wino mwekundu kila mahali,
"hela" imekatwa, juu yake "fedha",
koma nilizozisahau zimepandwa kama mbegu,
alama sita kwa kumi, na chini yake: Rudia.
Ndani ya mkunjo, noti mbili za elfu kumi.
Nilikula. Sikurudia.

Asubuhi zetu za Makorora nazijua kwa harufu:
mafuta ya taa, uji wa mtama,
blauzi yako chini ya pasi ya mkaa.
Baba alikuwa kiwanda cha saruji, Pongwe.
Jioni mlirudi weupe wote wawili,
yeye vumbi lake, wewe vumbi lako,
mkapangusana uani mkicheka
kabla hamjatukumbuka sisi wenye njaa.

Usiku, chini ya karabai, uliwafundisha
makuli wa bandarini na wakata mkonge.
Mzee Mntambo aliandika jina lake mara ya kwanza
akiwa na wajukuu saba.
Akalitazama, akauliza, "Ndiyo hili tu?"
"Ndilo hilo. Sasa liandike lisianguke mstarini."

Sisemi ulikuwa malaika.
Fimbo yako ya mpera naikumbuka kwa vifundo vyake.
Uliwahi kumwita Sefu mjinga mbele ya darasa zima,
ukakaa miaka thelathini ukimtafuta umwombe radhi.
Ulimpata sokoni Mgandini, anauza nyanya.
Hakukumbuka lolote.
Akakuongezea tatu juu ya fungu,
na hizo tatu ulishindwa kuzila.

Macho yalipokufa, ulimi ulikataa kustaafu.
Saa moja asubuhi, kitandani, ukaita mahudhurio.
Abeid Kiluwa.
Nipo, akasema dada Mwajabu.
Chausiku Mbelwa.
Nipo, akasema nesi aliyekuja kupima presha.
Rehani Semboja.
Tukatazamana; kila mmoja alishaitika mara mbili.
"Hayupo," ukasema. "Mwulizeni mama yake.
Mtoto huyu ana pumu."
Rehani alizikwa mwaka wa sabini na nane.

Siku yako, mchimba kaburi mmoja, mvi kichwa kizima,
alisimama kando ya udongo
akihesabu kitu kwa vidole.
Nikadhani ni siku. Kumbe ni mizani.
"Nane huku, nane huku," akaniambia.
"Nilichapwa sana kwa hili, na bado sijui nitalitumia wapi."

Mimi hukunipata. Nilisema vina vinabana.
Ukasema, "Hata kiatu hubana
kabla mguu haujakizoea,"
ukaendelea kuchambua mchele.
Leo nimejaribu. Soma:

Mama ulinifundisha, kuhesabu kwa vidole,
Wino mwekundu watisha, nikaikimbia shule,
Leo kalamu yakesha, karatasi ile ile,
Nikiita jina lako, nani ajibu: Nipo?

Mstari wa mwisho umepungukiwa mizani moja.
Nimeuona, Mama. Nimehesabu mara tatu,
kidole kimoja kinabaki wima.
Andika Rudia.