Nguo za Yule Mwenzangu

Kilo thelathini na moja.
Daktari ameziandika kwa kalamu nyekundu, akanipa mkono
kana kwamba nimejifungua.
Nikashuka mitaa ya Covilhã nimeshika suruali kiunoni,
upepo wa mlimani ukiingia shingoni na kutokea miguuni,
najiona bendera.

Nguo ya kuazima haisitiri, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kitu juu ya nguo yako mwenyewe,
uliyoilipia kwa jasho lako,
ikusimamapo mbele ya kioo na kukukana.

Nimezitandaza kitandani, upande wa marehemu Adelino:
sketi mbili za kijivu za kazini, zifue upendavyo, zinanuka kitunguu
(miaka kumi na tisa napakua supu katika jiko la shule);
sweta lililoliwa na nondo kwapani;
blauzi ya maua ambayo sikuipenda hata siku moja,
nikaivaa kwa kuwa ndiyo iliyonienea;
gauni la kijani la harusi ya Filipa;
na koti. Koti tutalisema baadaye.

Wifi yangu Graça kapiga simu: "Choma!
Ukiziweka, unene utaijua njia ya kurudi."
Fundi Belmiro kapitisha chaki, kapima, katikisa kichwa:
"Huku si kupunguza, mama. Huku ni kushona upya.
Gauni hili nitakutolea mawili na foronya."
Padri ana magunia matatu, hajapata wa kumpa.

Nikamkumbuka Zulmira wa ghorofa ya juu.
Tangu aanze vile vidonge vya baridi yabisi amejaa,
uso mviringo, sketi anaifunga kwa pini ya nepi.
Lakini utamwambiaje mtu: shika,
hizi zilikuwa zangu nilipokuwa mnene?
Ndiyo hodi gani hiyo?
Siku tatu nimepanda ngazi na mfuko, siku tatu nimeshuka nao,
akifungua mlango nasema nimekuja kuomba chumvi.
Chumvi ninayo ya kukaushia samaki wa mwaka mzima.

Siku ya nne tukakutana katikati ya ngazi.
Yeye anashuka. Naye ana mfuko.
"Usinichukie," akasema.
"Ulinipa mwaka ule ulipomzaa Filipa,
ukaapa hutazivaa tena. Sikukata hata pindo."

Taa ya ngazini, ile inayojizima yenyewe, ikajizima.
Tukacheka gizani mpaka mbwa wa Bwana Horácio akabweka,
na hakuna aliyenyoosha mkono kuiwasha.

Gauni la kijani lilimkaa.
Lilimkaa kuliko lilivyonikaa mimi. Sikumwambia.
Na ile suruali yangu ya ujana, lo,
iligoma magotini:
kukonda si kurudi usichana.

Likabaki koti.
Sufu ya kahawia, ya kiwanda alichofanyia kazi mama
kabla hakijafungwa minyororo.
Vifungo vimehamishwa mara nne,
alama za nyuzi bado zipo, mtu angeweza kuzisoma.
Humo ndani aliishi yule mwenzangu:
aliyeamka saa kumi na moja akapanda mlima wenye barafu,
aliyemwinua Adelino, akamgeuza, akamwosha,
akamlaza tena (ungeweza wewe, mwembamba?),
aliyekula wima mabaki ya keki za watoto wa watu
kwa sababu hakuna aliyemuuliza, umekula?
Sasa mtaa mzima unanipongeza kwa kumwondoa.
Kana kwamba alikuwa mwizi.

Sikulichoma. Sikumpelekea Belmiro.
Lipo nyuma ya mlango, kwenye msumari wake.
Jioni ya baridi najitupia mabegani
nikitoka kuanua nguo,
na upande mmoja unabaki mtupu, unapepea.
Kuna nafasi ya mtu humo.
Siijazi.