Hesabu ya Ijumaa

Ruwi, saa nane mchana. Watu wa Kerala wametoka,
viti bado vina joto lao.
Sisi tuna saa moja na nusu, kisha waingie Wafilipino.
Mwinjilisti Rweikiza, ambaye Jumamosi hadi Alhamisi
hutengeneza viyoyozi vya watu wa Azaiba,
amesimama na shati jeupe lililoungua pasi kwenye kola,
anasema: neema ni bure.
Tukaitikia amina, sisi sote
tunaojua bei ya kila kitu.

Mimi Aikande naijua.
Wakala alinikata mshahara wa miezi mitatu.
Akakata kipimo cha damu, akakata godoro,
akakata hata picha ya pasipoti, ile niliyofumba jicho moja.
Mtu aliyelipia hadi kivuli chake
haambiwi "bure" akaamini siku hiyo hiyo.
Huligeuza neno, kama mnunuzi dukani
anayetafuta bei chini ya sahani.

Sasa nisikilizeni, na mnisitiri.
Mwezi wa Machi mwanangu Ndeshi alilazwa, kule nyumbani.
Bibi Zuweina hunipa pesa za soko la Seeb
na daftari la kuandikia matumizi.
Niliandika samaki ambaye hakuvuliwa.
Niliandika kilo mbili za tende.
Niliandika zafarani (zafarani, mimi!)
mpaka zikatimia rial kumi na tano.
Mkono haukutetemeka. Mwandiko ulikuwa mzuri.
Hilo ndilo linaloniogopesha.

Wiki sita nilifanya kazi kama punda anayetubu.
Nilisugua birika za kahawa mpaka zikanionyesha uso,
nikautazama, nikasugua tena.
Niliamka kabla ya adhana ya alfajiri
nikidhani jasho ni sabuni.
Deni halikupungua hata baisa moja.

Nikamwendea. Miguu yake ilikuwa ndani ya beseni.
Kwa Kiswahili chake cha Unguja, cha kabla sijazaliwa,
akaniuliza, "Una nini weye?"
Nikasema yote: samaki, tende, zafarani.
Akalichukua daftari, akalishika juu chini,
akalifunga.
"Sikumbuki," akasema. "Nikande mguu."

Mpaka leo sijui.
Ana miaka themanini na minne,
humwita mjukuu kwa jina la dada yake marehemu.
Pengine alisamehe. Pengine alisahau tu.
Maneno mawili yanayoanza njia moja
kisha yakaachana, nami nikabaki pale yalipoachania.

Mwalimu wetu wa kipaimara alikuwa na swali moja,
akigonga meza kila tulipokariri:
"Maana yake ni nini?"
Nilijibu bila kukosea, nikavishwa gauni jeupe, nikala pilau.
Kumbe mtihani wenyewe ulikuwa Seeb,
nikiwa nimepiga magoti, kisigino cha bibi mkononi.

Maana yake: yuko Mmoja asiyezeeka,
anayeijua zafarani yangu kwa uzito,
naye ameamua kutokumbuka.
Hakupitiwa. Daftari lilifungwa
na mkono wenye kovu la msumari.

Wala sijawa malaika. Alhamisi hii hii nilimfokea dereva
kwa kosa langu mwenyewe.
Na zile rial nazirudisha, mbili mbili, kwenye pochi ya soko,
bibi haulizi, mimi sisemi.
Siununui msamaha; ulishanitangulia mlangoni.
Ila mtu akishafutiwa,
mali ya watu humwasha mfukoni.

Nje, kiyoyozi cha ukumbi kinavuja ukutani,
tone, kisha tone, mchana kutwa,
na hapo chini, katika nchi hii ya kokoto,
umeota mchicha ambao hakuna aliyeupanda.
Rweikiza ni fundi. Mrija ule angeuziba kwa dakika tano.
Kila Ijumaa anautazama,
anakunja suruali,
anauruka mchicha, anaingia.