Mchanga

Elfu ishirini na tano nimeifunga kwenye pindo la khanga,
mafundo mawili:
la kwanza kwa ajili ya wezi,
la pili kwa ajili yangu.

Jana, kivuko cha mwisho cha Kamanga,
simu ilikata roho katikati ya neno "magunia".
Mnunuzi wa Kahama alikuwa ndiyo kwanza anataja idadi.
Nikabaki nimeiganda sikioni,
maji yanapita chini, abiria wananitazama,
nami naitikia "ndiyo, ndiyo" kwa kioo cheusi.
Hadi nafika ng'ambo amekwisha nunua kwa Nyamizi.
Sina ugomvi na Nyamizi.
Simu yake ya vitufe, ina tochi kichwani,
inakaa na chaji kuanzia gulio hadi gulio.

Basi leo, Makoroboi, saa tano,
jua limekaa juu ya mawe kama lina kiwanja huko.
Meza ya kwanza, kijana ananiita mama mara tisa.
"Chukua hii pawabenki, mama. Elfu hamsini!"
Siyo bei. Ni nguvu, imeandikwa kwa dhahabu.
Bei ni kumi na nane, kwa sababu ni mimi.
Nzito. Inang'aa. Ina taa tatu na kamba ya kuning'iniza.
"Shika mwenyewe, uone uzito. Vya feki ni vyepesi."

Nikashika.
Miaka kumi na minne napima dagaa Mwaloni;
mkono wangu hauhitaji mizani.
Nikaiinamisha kushoto, polepole, kama mtoto anayelala.
Ndani kitu kikatembea:
shaaa.

Ningepiga kelele. Watu wangejaa.
Lakini sauti ile naijua, naijua kwa jina.
Mwaka wa ada ya Limi nilimimina mchanga,
kikombe kimoja kila gunia, chini kabisa,
mchanga mweupe uleule tunaoanikia.
Mnunuzi hakurudi kulalamika.
Hakurudi tu.

Nikairudisha mezani, taratibu.
"Ina mzigo wake, baba," nikamwambia.
Akaangalia viatu vyangu. Tukaachana.

Kwa fundi Mayunga, nyuma ya duka la vitenge,
miwani imefungwa kwa uzi, vidole vinanuka risasi ya kuchomelea,
hakuna cha dhahabu.
Ana kidude cha kijivu, kinaenea kwenye mfuko wa aproni.
"Hiki kinajaza simu moja, kikijitahidi moja na nusu.
Atakayekwambia tano, mwambie akuonyeshe ya pili."
"Bei?"
"Kumi na sita."
"Kumi na mbili."
"Nina watoto."
"Nani hana?"
Kumi na nne.

Sikutoa hela. Nilichomeka kwanza.
Nikakaa juu ya dumu, nikanunua kahawa na kashata,
nikaitazama namba kama mtu anavyotazama sufuria ya maharage:
kumi na moja. Kumi na moja. Kumi na mbili.
Ilipofika kumi na tisa nikafungua fundo la kwanza.
Waya mnene, elfu tatu; ule wa buku ulikuwa uzi wenye tamaa.
Hedifoni nilizijaribu, zikaimba kama nyuki ndani ya kopo.
Nikaziacha. Elfu nane ikarudi kwenye pindo,
na fundo lake.

Jioni, kivukoni, asilimia nane.
Nikachomeka. Kitaa kimoja cha kijani, kidogo,
hakimuonei mtu.
Katikati ya maji Kahama akapiga.
"Leo una ngapi?"
Nikataka kusema saba, maana yapo saba, yameshonwa.
"Sita," nikasema. "La saba nipe hadi kesho.
Sijalipepeta."
Akanyamaza.
Nikaitoa simu sikioni nikaitazama:
inawaka.